Peugeot 404 imekunjwa kona ya mbele, naweza kuinyoosha mwenyewe nyumbani?

mpenda404:
Wakuu habari zenu. Nafufua 404 gereji ya nyumbani, injini na geaboksi nishashusha limebaki bodi tupu. Zamani iligongwa kona ya mbele kulia na aliyeitengeneza akajaza puti tu. Nimekwangua nikakuta boriti ya chini imekunjamana, mlango wa kulia unagusa fenda, boneti upande mmoja kidole kinapita upande mwingine hata karatasi haipiti. Nina winchi ya mkono, cheni, na jeki ya pampu ya tani 10 yenye mabomba yake. Nianzie kuvuta wapi na nitajuaje limekaa sawa maana benchi la kunyooshea sina? Gari hili nalipenda sana, naombeni ushauri.

FundiBodi:
Mkuu usivute chochote bado, pima kwanza. 404 haina chesisi ya peke yake, bodi lenyewe ndo chesisi, kwa hiyo ukikosea hapo magurudumu nayo hayakai sawa. Liweke juu ya stendi nne, zikae kwenye sehemu ngumu sio sakafu yenye kutu, halafu lisawazishe kwa mpira mwembamba wa maji, unaonyesha vizuri kuliko pimamaji fupi. Baada ya hapo ning'iniza timazi kwenye matundu yanayofanana kulia na kushoto, yale ya bolti za saspensheni ni mazuri, weka alama chini kwenye sakafu kisha pima kona kwa kona. Anza na katikati, pale chini ya milango, kama pako sawa ndo panakuwa kipimo chako cha kuangalia mbele. Ila kona kwa kona zikilingana usifurahi haraka, upande mmoja unaweza kuwa umenyanyuka na tepu isikuambie, kwa hiyo kimo nacho upime kila tundu. Na vikombe vya shokapu kule juu usivisahau, camber (gurudumu kulalia ndani au nje) inatokea pale.

mpenda404:
Asante sana mkuu. Na kuvuta je? Milango niitoe?

Mzee wa Cheni:
Kijana wangu, vuta kinyume cha ilivyogongwa, na kilichokunjika mwisho ndo kinaanza kutoka. Kabla ya hapo chomelea mabomba ndani ya matundu ya milango ili yasibadilike, na sehemu ya nyuma uifunge chini vizuri maana usipoifunga utavuta gari zima. Vuta kidogo, simama, gonga mikunjo kwa nyundo juu ya kipande cha mbao wakati cheni imekaza, chuma kinaachia, halafu legeza upime tena. Itabidi upitishe kidogo kipimo kwa sababu ukilegeza kinarudi. Moto mimi siupendi, unanyoosha haraka lakini chuma kinapungua nguvu na pembeni kinajikunja upya. Kila unapofika sehemu nzuri rudisha milango na boneti uone nafasi zake, mabomba ukiyaweka vizuri hayazuii mlango kufunga. Na tafadhali usisimame kwenye mstari wa cheni, ifunike na blanketi zito, ikikatika inaua.

kutu_hatari:
Naongezea kitu kimoja. Ukikuta boriti imepasuka kwenye mkunjo au imeliwa na kutu utataka kuikata uweke nyingine, sawa, lakini nyoosha kwanza ndo ukate. Boriti mbovu hiyohiyo ndo inakupa pa kushikia, ukivuta kupitia kwake, kikombe cha shokapu na ukuta wa injini navyo vinarudi, ukishaikata mapema huna tena pa kushika. Ila kama vizingiti vya chini ya milango vimeoza anza navyo, viunganishe kwanza maana ukivuta na viko vile bodi litakunjika palepale penye kutu, sio pale unapotaka wewe.

mpenda404:
Kizingiti cha kulia kina tundu la kuingiza kidole kwa kweli. Basi naanza na hicho, halafu napima.