Siagi ya uduvi juu ya steki: vipimo, na mbona ndimu inajitenga?

Kinu_Sakina: Habari wakuu. Nataka siagi yenye ladha ya baharini ya kuweka juu ya steki ya sarlon ya gramu 250. Kamba huku Arusha wanafika wakiwa wameganda na bei yake si mchezo, ila uduvi mkavu unapatikana. Naomba vipimo vya robo kilo ya siagi. Halafu, ndimu ikiingia vinatoka vitone vya maji pembeni, na ukila unasikia chenga. Tatizo liko wapi?

Jiko_Njiro: Chenga hizo ni mchanga, mkuu. Pepeta uduvi kwenye ungo, kisha uoshe haraka kwa maji baridi mara mbili tatu. Uchote kwa mkono, usimwage bakuli zima, mchanga umetuama chini. Ukaushe kwa kitambaa, ukaange bila mafuta kwa moto mdogo dakika 5 au 6 hadi ukauke kabisa na kuvunjika kirahisi. Ukiwa kahawia iliyokolea umeshaungua, na uchungu wake hautoki. Upoe, usage, uchekeche.

Kwa siagi gramu 250 isiyo na chumvi: unga wa uduvi gramu 20, punje moja ya kitunguu saumu iliyopondwa laini, ganda la ndimu moja lililokwaruzwa (la kijani tu, jeupe ni chungu), maji ya ndimu vijiko 2 vya chai, giligilani kidogo na pilipili manga. Chumvi onja mwishoni, uduvi unakuja na yake.

Kuhusu kujitenga: siagi yako ni baridi, haishiki maji. Kidole kizame bila kulazimisha, lakini isianze kung'aa. Ipige peke yake kwanza, ndipo utie ndimu tone kwa tone huku unapiga. Kwa baridi ya Arusha ya Julai, ikate vipande vidogo uiache mezani saa mbili. Usiisogeze karibu na moto! Ikishayeyuka, mafuta na maji vinaachana, na hata ikiganda tena inakuwa na punjepunje.

Mdau_wa_Moshi: Uduvi ni sawa, ila kwa steki mimi nachagua maganda ya kamba. Ukipika kamba siku nyingine, vichwa na maganda yatie friza. Yakifika gramu 300, yakaange kwa kijiko cha siagi hadi yawe mekundu, yaponde, ongeza siagi gramu 250, moto mdogo kabisa nusu saa, chuja kwa kitambaa. Ile rangi ya chungwa na sehemu kubwa ya harufu huyeyuka kwenye mafuta, ndiyo maana ukiyachemsha kwa maji hupati kitu kilekile. Weka friji igande, maji ya chini mwaga. Kisha ilainike, uichanganye na siagi laini ya kawaida nusu kwa nusu. Peke yake haina ulaini, inakwaruza ulimini.

Kinu_Sakina: Asanteni. Steki naweza kuikaangia humo humo? Na Blue Band inafaa?

Jiko_Njiro: Hapana kwa yote mawili. Blue Band ni majarini, utamu wa maziwa haupo. Na kwenye kikaangio cha moto mkali, unga wa uduvi na saumu vinaungua kabla nyama haijashika rangi. Kaanga kwa mafuta ya kawaida, ipua, weka kipande cha gramu 15 hadi 20 juu, acha ipumzike dakika 5. Siagi iyeyukie kwenye maji yanayotoka kwenye nyama, hiyo ndiyo sosi yako.

Mdau_wa_Moshi: Iviringishe kwenye nailoni ya chakula, unene wa sentimita 4, friji saa mbili ndipo ukate. Ina saumu mbichi, kwa hiyo isikae nje: friji siku 4 au 5, friza mwezi mmoja. Na kama unauza, andika kwenye menyu kwamba kuna uduvi. Mwenye mzio wa kamba hawezi kuukisia kwenye sahani ya ng'ombe, na mzio huo unaweza kuua.