Mjadala: Je, mchekeshaji wa Lubumbashi akatazwe kutania makabila jukwaani?

Wapo ndugu zetu hapa Lubumbashi wanaotaka mchekeshaji asipewe ukumbi mpaka aahidi kwamba hatagusa kabila la mtu yeyote. Hoja yao ni nzito, wala siidharau. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya eneo la Kasai waliitwa bilulu, yaani wadudu, hadharani, kisha wakafukuzwa huku kwetu Katanga kwa maelfu, na familia nzima zikalala katika stesheni za Likasi na Kolwezi zikingoja treni. Aliyeyaona hayo hawezi kulaumiwa akishtuka anaposikia kabila lake likitajwa mbele ya umati unaocheka.

Hata hivyo ninalipinga katazo hilo. Maneno ya miaka ile yalienezwa na siasa, ambako anayetukanwa hakuwa na nafasi ya kujibu. Katika ukumbi, mchekeshaji anasimama peke yake na maikrofoni, na yule anayemtania amekaa hatua chache mbele yake. Nilikwenda kumtazama mchekeshaji ninayempenda kuliko wote, akaanza kuigiza jinsi Waluba wa Kasai wanavyozungumza Kiswahili chetu. Mama mmoja wa mstari wa mbele akainuka, akamwambia kwa lafudhi ileile kwamba mahari ya dada yake bado haijamalizika kulipwa. Ukumbi mzima ulilipuka kwa kicheko, na mchekeshaji akampigia magoti. Huo ndio utani tuliorithi: anayetania hukubali kutaniwa. Kundi la maigizo la Mufwankolo lilijenga jina lake katika mji huu kwa kuigiza maisha yetu katika Kiswahili chetu wenyewe, na sioni sababu ya kuwanyima vijana wa leo uhuru huo. Anayevuka mpaka na kuchochea chuki ana sheria inayomngoja tangu tarehe 7 Juni 1966, ile inayoadhibu ubaguzi wa rangi na wa kikabila.

Kinachostahili kukatazwa, kwa maoni yangu, ni simu. Mtu akirekodi sekunde chache za ile lafudhi, akaacha jibu la mama, kisha akazisambaza kwa WhatsApp, anayezipokea Mbuji-Mayi, kule Kasai, atasikia tusi tupu. Nchini Marekani, Dave Chappelle alianza mwaka 2015 kuwataka watazamaji wafungie simu zao katika mifuko maalumu kabla ya onyesho. Sisi hatuhitaji mifuko hiyo. Inatosha tangazo mlangoni, na anayekaidi atolewe nje bila kurudishiwa pesa ya tiketi.

Najua nitajibiwa kwamba vijana wetu hujulikana kwa video hizohizo, kwa kuwa televisheni haziwatafuti. Ni kweli, na ndiyo maana nasema mchekeshaji arekodi mwenyewe na atoe kipande kizima, pamoja na majibu ya watazamaji.

Pingamizi moja bado linanisumbua, nalo ni la mtazamaji ambaye hana ujasiri wa yule mama, anayecheka pamoja na wengine kwa kuogopa kuonekana ameumia. Hoja yangu yote inategemea watu kuweza kujibu, na huyo hajibu. Naomba wenzetu wenye asili ya Kasai wanaohudhuria maonyesho haya waeleze wazi jinsi wanavyojisikia wakiwa pale ukumbini, hata kama maelezo yao yataubomoa msimamo wangu.