Naomba ushauri: nyatiti na klarineti hazipatani sauti

Hamjambo ndugu wanamuziki. Okestra yetu hapa Kisumu inaandaa msimu wa muziki wa dansi: walzi, polka, na kipande kimoja cha nyatiti (kinubi cha Waluo) pamoja na fidla na klarineti. Hicho cha mwisho ndicho kinatutatiza.

Sisi hupatanisha ala zetu kwenye noti ya La ya hezi 440. Mpigaji nyatiti hukaza nyuzi zake nane kufuata koo lake, na sasa yuko karibu robo toni chini ya Re. Tukimpandisha, nyuzi za nailoni hulegea kabla wimbo haujafika katikati, naye huimba kwa kujikamua. Fidla zinashuka bila taabu. Klarineti, hata ukivuta viungo ili kushusha sauti, noti zake huanza kugombana zenyewe. Tumejaribu kumshusha hadi Do diezi (nusu toni chini ya Re): klarineti zikatulia, nyuzi nene zikavuma ovyo.

Je, tubadilishe unene wa nyuzi hizo za chini (mshipi wa kuvulia samaki wa kipimo gani?), au tuondoe klarineti kabisa?

Jambo la pili ni mapigo. Mpigaji hufuata oduong'o, pete ya chuma ya kidole chake cha mguu anayoigonga kwenye nyatiti, si fimbo ya mwongozaji. Kwangu mimi mwongozaji ndiye amfuate, ila wa chelo kule nyuma hawausikii mguu huo. Mngemketisha mpigaji nyatiti wapi?