Tupeane uzoefu: ulitengeneza nini kwa mikono yako ulipokuwa unamsubiri mtoto?

Mama Kijacho

Wapendwa, habari za saa hizi. Niko mwezi wa saba, mimba ya kwanza, tunakaa chumba na sebule huku Mbagala. Chumba cha mtoto peke yake hatuna, wala hakinisumbui. Kona iliyo kati ya kitanda chetu na dirisha itamtosha, na hata kliniki wanashauri mtoto mchanga alale chumba kimoja na wazazi, kwenye kitanda chake. Ninachotaka ni akiingia humo aonekane alisubiriwa.

Nimeanza kushona samaki wa vitenge wa kuning'iniza. Jirani yangu ni fundi cherehani, vipande vinavyobaki ananiwekea kwenye mfuko. Nachora samaki kwenye karatasi, nakata vitambaa viwili viwili, nashona kwa mkono upande wa ndani, nageuza, najaza sufi niliyoianika juani, halafu naziba mkia. Kila mmoja ana rangi yake. Yule wa kitenge cha kijani chenye macho ya tausi ndiye nimpendaye zaidi.

Tatizo ni mama mkwe. Kwao kitu cha mtoto hakimtangulii mtoto. Hagombi, ila akiwaona wale samaki ukutani ananyamaza kabisa, na ule ukimya unaniumiza kuliko maneno. Simlaumu, najua aliyoyapitia. Lakini usingizi siku hizi hauji mapema, na mikono ikikaa bure mawazo yanakuwa mengi. Nikishika sindano natulia.

Mliopitia hapa, tupeane uzoefu. Mlitengeneza nini? Mliishije na wazee? Na hicho kitu kiko wapi leo?

Mdarizi wa Pangani

Hongera bibie, Mungu akufikishe salama.

Mimi nilipamba chandarua. Huku kwetu mtoni mbu hawana msimu, kwa hiyo kitu cha kwanza kilichonijia kichwani hakikuwa picha ukutani, kilikuwa chandarua. Mama alikuwa na kanga aliyonibebea mgongoni, nyekundu na nyeusi, katikati imechakaa hadi unaona mwanga, lakini pindo bado zima. Akanipa mwenyewe bila kuombwa. Nikalikata pindo pande zote nne, nikaunganisha vipande, nikapata mkanda mrefu wa kuzunguka chandarua chote cha kitanda kidogo.

Ukitaka kuiga, sindano ipite kwenye upindo wa chini tu, ule uliokwisha kukunjwa na kushonwa kiwandani. Usiguse wavu wenyewe, maana kila tundu ni mlango wa mbu. Faida ya lile pindo ni kwamba linakipa chandarua uzito, kinachomekeka vizuri chini ya godoro na hakipepei usiku. Ukisimama mlangoni unaona mstari mwekundu umezunguka kitanda, chumba chote kinachangamka.

Mtoto sasa yuko shule. Chandarua kilikwisha zamani, pindo nikalitoa, leo limezunguka pazia la dirisha lake.

Bint Mvita

Mwenzangu, ya kwangu ni mkeka, na sikuusuka mimi, ni nyanya. Mimi nilikuwa wa kumshikia tu.

Nyanya ni mtu wa Lamu, alikuja kukaa nasi Mombasa nilipoambiwa ni mapacha. Alikuja na ukindu wake kwenye gunia, umekaushwa umekuwa mweupe. Kila asubuhi baada ya chai akichemsha rangi kwenye sufuria kuukuu, ya zambarau siku moja, ya kijani siku nyingine, akitumbukiza ukindu humo, kisha akiuanika uani kwenye kamba. Ukikauka lazima uloweshwe tena kidogo kabla ya kusuka, ama sivyo utakatika. Akisuka ukili mwembamba, upana wa vidole viwili, akiuviringa mkononi kadiri unavyorefuka. Mkeka wenyewe huja mwishoni, zile kili zikiunganishwa kwa kushonwa moja kando ya nyingine.

Ulikuwa mkeka mdogo wa kutundika ukutani juu ya kitanda cha watoto. Nilikuwa nikikaa chini miguu nimeinyosha, nikimgawia nyuzi za rangi anayotaka, naye akinihadithia jinsi yeye mwenyewe alivyowazaa kina baba. Mambo ambayo hakuwahi kunihadithia. Nafikiri asingeyasema tungekuwa tumekaa tu tukitazamana. Mikono ilikuwa na kazi, kwa hiyo mdomo ukawa huru.

Watoto waliwahi kuja. Tulikaa wodini muda mrefu, mimi na mume wangu tukipokezana kuwaweka kifuani ngozi kwa ngozi, ile njia ya kangaruu. Nyanya hakuruhusiwa kuingia kila mara, basi akarudi nyumbani akamalizia mkeka. Tulipofika nao, walikuwa wadogo kama mikate ya bofulo, mkeka ulikuwa ukutani umeshawangoja. Nyanya ameshatangulia mbele ya haki. Mkeka uko palepale, na sitaki mtu auguse.

Muuguzi wa Zamu

Nazipenda sana hizi habari, naomba niongeze ya kitaalamu kidogo kwa sababu mapambo na usalama wa mtoto havitengani.

Pambeni ukuta, pambeni dari, pambeni chandarua. Ndani ya kitanda acheni wazi: godoro gumu lisilobonyea, shuka iliyobana, na mtoto aliyelazwa chali. Mito, midoli, mablanketi mazito na vile vitambaa vya kuzungushia pembeni vinaweza kumziba pumzi. Najua vinapendeza dukani. Ndugu yangu, viache.

Vya kuning'iniza, kama samaki wa mtoa mada, ni vizuri, ila viwe juu mbali na mkono wake na visiwe na shanga wala vifungo vinavyoweza kuchomoka. Akianza kujiinua kwa mikono na magoti, kwenye miezi mitano hivi, vitolewe. Mtoto mchanga anaona vizuri vitu vilivyo umbali wa sentimita 20 hadi 30 tu, yaani kutoka titi la mama hadi uso wake. Rangi zinazopingana sana, nyeusi kwa nyeupe, ndizo zinazomvutia mwanzoni. Kwa hiyo zile wiki za kwanza samaki ni wa kumfurahisha mama zaidi, na hiyo nayo ni tiba.

Kuhusu kupaka rangi: mjamzito asikwangue rangi ya zamani ukutani. Rangi nyingi za zamani zina madini ya risasi, na vumbi lake linadhuru ubongo wa mtoto. Mwachie mtu mwingine kazi hiyo na wewe usiwepo. Unaponunua rangi mpya, ulizia iliyo na risasi chini ya ppm 90, yaani sehemu 90 kwa kila sehemu milioni moja za rangi, ndicho kikomo kinachopendekezwa na Umoja wa Mataifa. Ipakwe mapema, madirisha yabaki wazi hadi harufu iishe.

Wa Minnesota

Asante muuguzi. Huku Marekani hizo za kuzungushia kitanda zimepigwa marufuku kuuzwa tangu 2022, kwa sheria kabisa.

Mimi nilijifungua kwenye theluji, ndugu wote wako Dodoma. Marafiki wa kazini walinifanyia sherehe, wakaleta vitu vizuri, namshukuru Mungu kwa ajili yao. Lakini nikitazama kile chumba, kila kitu kijivu na cheupe, nilihisi kama mtoto anakuja kwa watu wengine. Mama akanitumia doti ya kanga kwa mtu aliyekuwa anasafiri, imeandikwa "Nani kama mama". Kipande kimoja nilikihifadhi cha kumpokelea mtoto. Cha pili nilikinyoosha kwa pasi, nikakivuta juu ya fremu ya mbao, nikakipigilia pini nyuma, maandishi yakabaki katikati yanasomeka vizuri.

Simu ya video ya kwanza mtoto alipozaliwa, mama alimtazama mjukuu, kisha akaiona kanga nyuma yangu. Akapiga kigelegele. Majirani zake wakaitikia kule Dodoma, nami nikalia sana.

Aliyesubiri

Nimefikiria sana kabla ya kuandika.

Mimba yangu ya kwanza nilifuma blanketi la manjano kwa sindano ya krosheti. Mtoto hakuja nyumbani. Blanketi nikaliweka chini kabisa ya sanduku. Mimba iliyofuata sikugusa uzi. Watu walinishauri nifanye hiki na kile nijichangamshe, na kila mmoja alikuwa na nia njema, lakini sikuweza. Nilipofika mwezi wa nane, usiku mmoja nikalitoa lile blanketi. Nilidhani nitalifumua. Sikulifumua. Nilianza kuliongezea ukingo mweupe kuzunguka pande zote, mstari mmoja kila nilipopata moyo. Binti yangu alipozaliwa lilikuwa tayari, na hadi leo namfunika nalo ninapombeba nje asubuhi za baridi. Ya manjano ni ya kaka yake, nyeupe ni yake.

Mama Kijacho, nakusihi, usimwone mama mkwe kama anapinga furaha yako. Wanawake wa umri wake wengi wamezika, na hawakupewa nafasi ya kusema. Ule ukimya wake ni woga wa mtu anayekupenda. Endelea kushona, ila mpe na yeye nafasi. Sisi kwetu vitu viliandaliwa vikafungwa, havikutandazwa hadi mtoto alipofika. Huenda hilo likamtosha.

Na kama kuna anayesoma hapa ambaye mikono yake haitaki kugusa chochote sasa hivi, usilazimishwe. Mtoto anaweza kupokelewa kwa kanga moja safi na asipungukiwe na kitu.

Mama Kijacho

Aliyesubiri, pole sana, na asante. Nimesoma nikaacha simu nikalia kidogo.

Jana nimewatoa samaki ukutani nikawaweka kwenye boksi la viatu. Nikampelekea mama mkwe, nikamwambia mama, nakuomba unitunzie, na siku tukitoka hospitali wewe ndiye utakayewatundika. Alikaa na boksi mapajani. Kisha akamtoa yule wa kijani, akamgeuza, akaniambia mkia huu mshono wake utafumuka, lete sindano. Ameurudia wote. Boksi liko chumbani kwake sasa.

Swali la mwisho: dari yetu ni ya jipsamu. Nitundike wapi pasipoanguka?

Seremala wa Kirumba

Shikamoo kwa mama mkwe.

Dada, msumari usipigwe kwenye jipsamu yenyewe, haishiki kitu. Juu yake kuna mbao zinazoishikilia. Mwambie shemeji agonge taratibu kwa kidole: panapolia pamejaa ndipo penye mbao. Hapo afunge kulabu ya skrubu, si msumari, aivute kwa nguvu kwanza. Kijiti cha kuwafungia samaki kiwe cha mbao iliyopigwa msasa ikateleza. Mimi cha mwanangu nilitumia mabaki ya mninga, nikakipaka nta ya nyuki badala ya vanishi.

Na kama kitanda kinachongwa na fundi wa mtaani, chukueni kopo la soda mwende nalo. Likipita katikati ya fito, nafasi ni kubwa mno, kichwa au mwili wa mtoto unaweza kunasa. Mwambieni aongeze fito kabla hamjalipa iliyobaki.