Kondoo wa sufu wanahema mchana: ninyoe hadi ngozi au niache kidogo?

Mfugaji_Naivasha
Habari zenu wafugaji. Nina kondoo 14 aina ya Corriedale walioletwa kutoka Molo. Wamepitisha mwaka bila kunyolewa, na sufu ya ubavuni imefika kama sentimita 12. Kuanzia saa sita hadi saa tisa mchana wanajibana pamoja, kila mmoja ameficha kichwa chini ya tumbo la mwenzake, wanahema kama mbwa. Kondoo wangu wengine, aina ya Dorper, wa zizi hilohilo wametulia. Jirani mmoja anasema sufu ndiyo mwavuli wao, nisiiguse. Mwingine anasema ninyoe hadi ngozi ionekane. Nimsikilize nani? Na mbona kondoo wa porini hanyolewi na anaishi?

Sufu_Mau
Wote wawili wana nusu ya jibu. Sufu huzuia joto, liwe la nje au la ndani. Jua likiwaka, ncha za sufu hupata moto sana huku ngozi iliyo chini ikibaki karibu na joto la mwili. Hapo jirani wa kwanza amesema kweli. Lakini kondoo naye anatengeneza joto, hasa majani yanapochachuka tumboni, na sentimita 12 za sufu hulifungia ndani hata usiku, wakati ambao angepaswa kupoa. Acha sentimita 1 hadi 2. Hiyo inatosha kukinga ngozi isiungue, na upepo bado unafika. Ukinyoa hadi ngozi na uwanjani hakuna kivuli, utaona mgongo umekuwa mwekundu na kubambuka.

Jasho la kondoo ni kidogo mno. Anapoa zaidi kwa kuhema, maji yakigeuka mvuke puani na mdomoni. Mhesabie ubavu unavyopanda na kushuka kwa dakika moja: akiwa ametulia kivulini hupumua mara 12 hadi 30 hivi. Akizidi 80, joto limemlemea. Ukiona mdomo wazi na ulimi nje, mpeleke kivulini hapohapo, mpe maji, mloweshe miguu na tumbo. Kumwagia mgongo wenye sufu ndefu hakusaidii, kwa sababu maji hayafiki kwenye ngozi. Joto la njia ya haja kubwa kwa kawaida ni nyuzi 38.5 hadi 39.5 za Selsiasi, likifika 41, mwite daktari wa mifugo.

Kondoo wa porini hupukutisha manyoya mwenyewe kila mwaka. Binadamu ndiye aliyechagua, kizazi baada ya kizazi, wale wasiopukutisha ili apate sufu nyingi, kwa hiyo deni la kuwanyoa ni letu. Mwaka 2015 huko Australia, karibu na Canberra, alipatikana kondoo wa sufu aina ya Merino aliyepotea miaka mingi. Alitolewa sufu ya kilo 41.1. Dorper wako wametulia kwa sababu nusu ya asili yao ni kondoo wa Kisomali mwenye kichwa cheusi, ambaye ana nywele fupi badala ya sufu.

Mkasi_Nyandarua
Naongeza kuhusu kazi yenyewe, maana wengi huharibu hapo. Chagua siku kavu. Sufu yenye maji au umande ikifungwa kwenye gunia hushika joto na kuota ukungu. Zuia malisho tangu jioni ya kuamkia siku hiyo: tumbo likijaa, kondoo aliyekalishwa anabanwa mapafu, anapigana, na anachafua sufu.

Mkalishe kwa makalio, mgongo ukiegemea magoti yako. Anza na tumbo, kisha ndani ya mapaja, mguu wa nyuma na mkia, ubavu, shingo, mgongo, malizia upande wa pili. Mkono usio na mkasi una kazi kubwa kuliko wenye mkasi: uvute ngozi iwe kama ngozi ya ngoma. Ukivuta sufu badala ya ngozi, ngozi inanyanyuka na unaikata. Funika chuchu kwa kiganja, na kwa dume ncha ya uume. Jihadhari pia na kano iliyo juu ya kisigino cha mguu wa nyuma. Ikikatika, umempoteza huyo kondoo. Usirudie kupitisha mkasi mahali ulipokwisha kata, kwani vipande vifupi vinashusha bei ya sufu. Sufu ya tumbo na yenye mavi iweke gunia lake.

Kila jeraha lipakwe iodini na dawa ya kufukuza nzi. Anza na wadogo, mwenye majipu ya tezi awe wa mwisho, na uoshe mkasi kwa dawa baada ya kila mnyama. Usaha wa jipu moja ukibaki kwenye mkasi unaweza kuambukiza kundi zima.

Mfugaji_Naivasha
Asanteni sana. Majike wanne wana mimba ya miezi mitatu na nusu. Niwanyoe? Dume je?

Sufu_Mau
Majike hao bado wana kama wiki sita, wanyolewe sasa, taratibu, bila kukalishwa muda mrefu. Wasikose chakula zaidi ya usiku mmoja, hasa mwenye mapacha: jike mwenye mimba kubwa akikaa na njaa huyeyusha mafuta yake haraka mno, sumu ikajaa kwenye damu, akalala asiinuke. Ukichelewa hadi mwezi wa mwisho, safisha tu kuzunguka mkia na kiwele.

Dume usimsahau pumbu. Korodani hutaka ubaridi kuliko mwili kwa nyuzi 4 hivi, na sufu nene pale huua mbegu. Mbegu mpya huchukua takriban wiki saba kukomaa, basi mnyoe miezi miwili kabla ya kumwachia majike.

Mkasi_Nyandarua
Na josho subiri wiki tatu: majeraha yapone, na sufu iote kidogo ya kushika dawa. Wiki mbili za kwanza mvua ikinyesha na upepo, walale ndani. Kondoo aliyenyolewa juzi anaweza kufa kwa baridi hata huko Naivasha.