Naomba ushauri: samadi ya punda na ya nyumbu, mbona kila eneo lina maelekezo yake?

Mleta mada

Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri wenu kuhusu samadi ya punda na ya nyumbu wa kufugwa, yaani yule anayezaliwa na punda dume na farasi jike. Naweza kuzipata zote mbili kwa wingi, lakini maelekezo ninayoyasoma yanapingana. Huko Sahel, katika nchi kama Burkina Faso na Niger, wakulima huweka samadi kwenye mashimo madogo ya kupandia yaitwayo zai wakati wa kiangazi na kusubiri mvua. Ulaya na Marekani wanasisitiza irundikwe mpaka iive. Ethiopia, ambayo ina punda wengi kuliko nchi nyingine yoyote, sehemu kubwa ya kinyesi cha mifugo katika nyanda za juu hukaushwa na kuwa kuni, na shamba hukosa. Je, tofauti hizi zinatokana na mnyama, udongo au hali ya hewa? Udongo wangu ni wa kichanga, nami nakusudia kupanda maharage na mboga za majani. Nawasilisha.

Mfugaji wa Zamani

Ndugu mleta mada, usipoteze muda kuchagua kati ya punda na nyumbu. Wote wawili hawacheui. Majani wanayokula huchachuka katika utumbo mpana, mwishoni kabisa mwa safari ya chakula, na kwa hiyo nyuzinyuzi nyingi na hata mbegu za magugu hutoka zikiwa nzima. Ndiyo sababu samadi yao ni nyepesi, hupitisha hewa na hupata moto upesi ikirundikwa, kuliko ya ng'ombe. Mwandishi Mrumi Columella, katika karne ya 1, aliitanguliza samadi ya punda mbele ya ile ya wanyama wengine wa miguu minne, kwa hoja kwamba punda hutafuna polepole. Ni kweli kwamba punda humeng'enya malisho makavu vizuri kuliko farasi, lakini kwa maoni yangu kinachoamua ubora ni kile alicholishwa na mahali alipolala. Nyumbu anayepewa nafaka kwa sababu ya kazi nzito atatoa samadi yenye naitrojeni nyingi kuliko punda anayeokoteza mabua. Wabadilishie chakula, na matokeo yatageuka.

Chunguza pia malalio. Mkojo nao hubeba sehemu kubwa ya naitrojeni na potasiamu, na zizi lisilo na majani makavu ya kuunyonya huupoteza wote ardhini au hewani. Kwa upande mwingine, malalio ya maranda ya mbao yakizidi, vijidudu vinavyoyaozesha huchukua naitrojeni ya udongo, na mazao hugeuka manjano ingawa shamba limejaa samadi.

Udongo Mkavu

Naomba niongeze kuhusu Sahel, kwa kuwa watu wengi huiga zai bila kuelewa sababu yake. Shimo huwa na upana wa sentimita 20 hadi 40 hivi na kina cha sentimita 10 hadi 20, katika ardhi iliyoganda juu kiasi kwamba maji ya mvua hutiririka bila kuzama. Samadi iliyomo huwavuta mchwa, nao hutoboa njia ambazo maji hupitia kwenda chini. Hapo samadi inatumika kurekebisha ardhi sawa na inavyolisha mmea, na zao ni mtama au uwele, si mboga inayoliwa mbichi. Kichanga chako hakina tatizo la kuganda. Shida yake ni kwamba maji na rutuba havikai. Kinahitaji mboji iliyoiva, na iwekwe kidogo kidogo kila msimu, kwa sababu ukiiweka yote mara moja mvua kubwa itaisomba rutuba yake.

Bustani Safi

Nakubaliana na ndugu Udongo Mkavu. Rundika samadi, ilowe kiasi cha sifongo iliyokamuliwa, na joto la katikati lifike nyuzi 55 hadi 65 za Selsiasi kwa siku kadhaa, huku ukiigeuza ili ya pembeni nayo ipate joto. Hapo mbegu nyingi za magugu na mayai ya minyoo hufa. Kanuni za kilimo hai za Marekani zinataka siku 120 kati ya kuweka samadi mbichi na kuvuna mazao yanayogusa udongo. Vaa glavu na viatu, tena uwe umechanjwa, kwa maana vijidudu vya pepopunda huishi katika kinyesi cha wanyama hawa.

Mleta mada

Nawashukuru sana. Zizi moja hununua nyasi kavu kutoka mashamba ya mbali. Je, kuna hatari?

Bustani Safi

Ipo, hasa kwa maharage. Viuagugu kama aminopiralidi hupita tumboni mwa mnyama bila kuharibika na hata mboji haiviondoi kwa haraka. Uingereza ilisitisha mauzo yake mwaka 2008 baada ya bustani nyingi kudhurika. Uliza nyasi hizo zilipuliziwa nini. Kisha changanya samadi hiyo na udongo katika vyungu vichache, upande maharage, na uweke vyungu vingine visivyo na samadi kando yake. Majani machanga yakijikunja kama kikombe katika vyungu vya samadi pekee, usiipeleke shambani. Chukua ya zizi la pili.