Mjadala: Kivuli kinachokukaba usiku ni jini, wanga, siasa au usingizi tu?

MLETA MADA

Wakuu, nianze na yangu. Kuna kipindi nilikuwa mlinzi wa usiku kwenye yadi ya mbao. Narudi chumbani saa moja asubuhi, nafunga pazia, najitupa chali. Asubuhi moja nikafumbua macho, naona chandarua, nasikia mama mwenye nyumba anakwangua sufuria uani. Mwili hauinuki. Hata kidole hakijikunji. Na pale mlangoni kasimama mtu mrefu, mweusi tii, hana uso. Akasogea. Kifua kikawa kizito kama nimewekewa gunia la mkaa. Nataka kupiga kelele, sauti haitoki. Mara nikakurupuka, chumba kitupu, na sufuria bado inakwanguliwa.

Kufika mchana nyumba nzima ilishanipa majibu. Mama mwenye nyumba: wanga wamekukalia. Mpangaji wa chumba cha mbele, mtu wa Pemba: jini hilo, usilale bila kusoma. Dada muuguzi: jinamizi, umechoka, tafuta siku ulale usiku kama watu.

Mimi sibishani na aliyeona, kwa sababu niliona. Nabishana na hatua ya pili, pale tunapoanza kuulizana nani kamtuma. Mwaka 1995 habari za Popobawa, yule pepo anayesemwa kuwa hukaba na kuingilia watu usiku, zilianzia Pemba, zikavuka hadi Unguja na kufika Dar es Salaam. Unguja, mtu aliyekuwa mgonjwa wa akili aliuawa na kundi la watu waliodhani ndiye. Kwa hiyo swali langu ni hili: habari kama hizi zikianza mtaani, masheha, wenyeviti wa mitaa, maimamu, wachungaji na redio zetu waseme nini? Wakae kimya? Wasome dua hadharani? Au wamwite daktari aeleze jinamizi ni nini? Karibuni.

MCHANGIAJI WA 1

Mleta mada, wewe umekabwa na uchovu wako, usitupimie sisi kwa kibaba hicho. Mimi 1995 nilikuwa mtoto Pemba. Tulilala nje, mikeka imetandikwa, moto unawaka, watu wazima wanasoma kwa zamu hadi alfajiri. Si nyumba moja, ni mtaa mzima. Na wanaume wazima walisimama mbele ya wenzao wakasema walivyoingiliwa. Kwa mila zetu, mwanamume ajitie aibu hiyo ili apate nini? Usingizi gani unaopita kijiji kwa kijiji?

MCHANGIAJI WA 2

Usingizi haupiti kijiji kwa kijiji, hofu ndiyo inayopita. Tazama miaka. Wanaosimulia Popobawa wanaanza na 1972, mwaka ambao Mzee Karume, Rais wa Zanzibar, aliuawa mwezi wa nne. Kisha 1995, uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi Zanzibar tangu Mapinduzi, ule ambao Salmin Amour wa CCM alitangazwa kumshinda Seif Sharif Hamad wa CUF kwa tofauti isiyofika hata asilimia moja. Watu wanalala na roho mkononi, jirani hamwamini jirani, mnategemea waote maua?

MCHANGIAJI WA 3

Mkuu wa 2, hiyo nadharia tamu, ila mwaka 2007 Popobawa alisikika tena Dar, na 2007 Tanzania hatukuwa na uchaguzi. Utasemaje hapo? Siasa ni kuni, sikatai, lakini moto huwaka hata kwa kuni nyingine.

Mimi kinachonishika ni ule mkia wa hadithi: ukishatokewa, uwaambie watu, usiposema atarudi. Angalieni hiyo akili. Hadithi imebeba agizo la kujisambaza yenyewe, kama zile meseji za "tuma kwa watu kumi". Ndiyo jibu kwa ndugu wa Pemba anayeuliza kwa nini mwanamume ajiaibishe. Anasema kwa sababu anaogopa kurudiwa kuliko anavyoogopa aibu.

MCHANGIAJI WA 4

Naomba niongee kama mtu wa hospitali, nipo Mombasa. Tukiwa katika usingizi wa ndoto, ubongo huzima misuli karibu yote ya mwili isipokuwa ya macho na ile ya kupumulia, la sivyo ungemrushia mwenzio ngumi kila ukiota unapigana. Mara nyingine akili huamka kabla misuli haijafunguliwa. Hapo unaona chumba chako cha kweli, na ndoto haijaisha, inamwagikia humo humo chumbani. Kifua kinakuwa kizito kwa sababu misuli ya mbavu bado imelala na wewe unalazimisha pumzi. Watafiti waliokusanya takwimu za nchi mbalimbali mwaka 2011 walipata kuwa karibu watu 8 katika 100 wamewahi kupatwa angalau mara moja, na kwa wanafunzi idadi inapanda hadi 28. Kukosa usingizi, zamu za usiku, wasiwasi na kulala chali huchochea. Mleta mada alikuwa nazo karibu zote.

Lakini kwa nini mtu, kwa nini si ng'ombe? Mwaka 2006 huko Geneva, Uswisi, madaktari walikuwa wanapima ubongo wa mwanamke wa miaka 22 mwenye kifafa. Walipopitisha umeme kidogo sehemu moja juu ya sikio la kushoto, akasema kuna mtu nyuma yake, kivuli. Akilala, kimelala. Akikaa na kukumbatia magoti, kinamkumbatia, hapendi. Akipewa kadi asome, kinataka kumnyang'anya. Umeme ukizimwa, kinapotea. Sehemu ile ndiyo inayokuambia mwili wako uko wapi. Ikivurugika, unaugawa mwili mara mbili na ule wa pili unauita mgeni.

MCHANGIAJI WA 1

Haya, umeeleza anayelala. Na anayeona kivuli macho makavu, anatembea?

MCHANGIAJI WA 4

Huyo ana sababu nyingi, siwezi kumpa moja. Gizani, katikati ya jicho huona vibaya kuliko pembeni, kwa hiyo unaona kitu kwa kona ya jicho, ukikigeukia hakipo. Mzee ambaye macho yamefifia anaweza kuona watu kabisa huku akili yake nzima. Na liko moja linalozihusu nyumba zetu: mkaa. Mwaka 1921 jarida moja la madaktari wa macho Marekani lilichapisha kisa cha familia iliyokuwa inasikia vishindo na kuona watu wa ajabu nyumbani, maua yanakauka, vichwa vinauma. Kumbe tanuru la kupashia nyumba joto lilikuwa bovu, linavujisha hewa ya sumu ndani. Sasa fikiria jiko la mkaa chumbani msimu wa baridi, madirisha yamefungwa. Aliyeona kivuli humo asiulizwe nani kamroga, atolewe nje kwanza.

MCHANGIAJI WA 5

Salamu kutoka Maskati. Waarabu wa huku jambo hilo wanaliita jathum, na maelezo yao ni yale yale ya bibi yangu wa Tanga: kitu kizito kimekukalia. Kuna utafiti wa mwaka 2013 uliolinganisha Wamisri na Wadenishi. Wamisri walipatwa zaidi, walibanwa kwa muda mrefu zaidi, na waliogopa zaidi kwamba watakufa. Wengi wao wakisema ni jini. Mimi naona hapo ndipo mjadala ulipo. Hofu unayokwenda nayo kitandani inaongeza kile kitakachokukuta. Ukitisha mtaa kwa kipaza sauti usiku, kesho utapata mashahidi wapya hamsini na wote wakweli.

MCHANGIAJI WA 6

Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu wa madrasa. Majini nayaamini, yamo katika Kitabu, na daktari wa Mombasa hatanitoa hapo. Lakini kuamini kuna majini hakukupi ruhusa ya kusema jini hili katumwa na bi fulani wa nyumba ya tatu. Nani kakupa habari hiyo? Nimeona bibi mmoja akikwepwa hadi kisimani kwa sababu mtoto wa jirani aliota. Kuhusu kusoma dua hadharani, mimi naunga mkono watu wakusanyike wasome, maana anayesoma na wenzake anatulia. Ninachopinga ni yule anayefunga dua halafu anapokea fedha za kumtaja mbaya wako. Na hilo la kulala chali ambalo watafiti wameligundua, sisi tumeambiwa zamani tulale kwa ubavu wa kulia.

MLETA MADA

Nimewasoma wote. Mkuu wa 1, nakubali kwamba nilikupima kwa kibaba changu. Usiku wa mtaa mzima si sawa na asubuhi yangu ya yadi. Ila mkuu wa 3 kanimaliza na ile ya "usiposema atarudi", sikuwahi kuitazama hivyo.

Kwa swali langu mwenyewe, nimehama kidogo. Nilikuja nikitaka daktari peke yake ashike kipaza sauti. Sasa naona akisimama peke yake atazomewa kabla hajafika kwenye misuli. Akae na ustadh kama huyu wa 6 meza moja, kila mtu aseme lake, wakubaliane jambo moja tu mbele za watu: hakuna jina la jirani linalotajwa. Na redio isirushe shuhuda za usiku wa manane kama tangazo la soda.

MCHANGIAJI WA 2

Sawa. Sasa sema ukweli, ukikabwa tena leo unafanya nini?

MLETA MADA

Nasoma Ayatul Kursiyyu kimoyomoyo huku nahangaika na kidole kimoja cha mguu hadi kicheze, kisha nageukia ubavu wa kulia. Na lile koti la mvua la ulinzi, nililokuwa nalitundika kwenye msumari mlangoni, siku hizi nalikunja naliweka chini ya kitanda.